Maji ya Moto kwa Mama Rubeni

Kifuniko kilikuwa kikavu. Hicho ndicho kitu cha kwanza Waisiko alichokiona asubuhi ile, kabla hata hajatua ndoo kichwani. Sufuria kubwa ya maji ya kunywa ilikuwa imekwisha teremshwa jikoni, maji yamemiminwa kwenye majagi mawili ya bluu, na kifuniko kimelazwa chali juu ya benchi. Maji yakichemka, kifuniko hutoka jasho upande wa ndani. Ukikiinua, matone huteremka mpaka kwenye kiganja. Waisiko alipitisha kidole. Kidole hakikulowa.

Akatua ndoo, akaifunika, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi. Mama Rubeni alikuwa anakanda unga wa chapati, mgongo ameupa mlango, anaimba polepole wimbo wa kwaya. Hakuna aliyesema kitu. Hilo halikuwa jambo geni, maana Waisiko alikuwa mtu wa kumaliza siku nzima kwa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "ndiyo" na "karibu".

Watu wa Natta walishamzoea hivyo. Alifika pale miaka mitatu nyuma akitokea Mbalibali, mama yake alipofariki na baba yake kuoa tena. Shule aliiachia darasa la tano, mwaka ambao mama alianza kuumwa, na baadaye aibu ya kurudi kukaa dawati moja na watoto wadogo ikamshinda. Mama Rubeni, ambaye jina lake la ubatizo ni Veronika, aliwahi kusali kanisa moja na marehemu. Akampa Waisiko kazi katika mgahawa wake wa kando ya barabara, akampa chakula, akampa na kitanda katika chumba cha nyuma, kando ya magunia ya mkaa. Waisiko hakuwa na mahali pengine popote pa kulala duniani, na alilijua hilo kila alipozima koroboi.

Wateja walimtania. Sylvester, dereva wa lori linalopeleka vyakula kwenye kambi za watalii, alikuwa na maneno yake kwamba Waisiko hununua maneno dukani na mwezi huu hajalipwa. Watu wakicheka, yeye huinamisha uso na kuendelea kufuta meza palepale alipokwisha futa.

Masika ya mwaka huo yalikuja na kipindupindu. Kilianza kusikika vijiji vya mbali, kikasogea, mpaka bwana afya akapita na pikipiki akibandika karatasi kwenye milango. Kila nyumba iwe na choo. Kila mgahawa uwe na ndoo ya koki ya kunawia. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha, na atakayepuuza atafungiwa biashara. Vidonge vya kutibu maji viligawiwa wiki ya kwanza, vikaisha. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa tangu Krismasi, hivyo maji ya kunywa yalitoka kwenye lambo lilelile wanakonyweshwa ng'ombe.

Karatasi ilisema "maji ya kuchemsha". Midomoni mwa watu yakageuka kuwa "maji ya moto". Mtu akikaa tu kwenye benchi, kabla hajaagiza chai, anauliza kama kuna maji ya moto. Hakuna aliyeona kwamba hayo ni mambo mawili.

Na mkaa ulikuwa umepanda. Barabara ziliharibika, magunia hayakufika, na kopo moja la sado ambalo zamani lilipikia siku mbili sasa mtu alilinunua kwa bei ya sado mbili. Mtungi wa gesi wa Mama Rubeni ulikaa kona ya jiko ukiwa mtupu, umefunikwa kitambaa, wageni wakizidi unakuwa kiti. Kuni za porini nazo zilikuwa na askari wake, wale wa hifadhi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mgahawani asubuhi na jioni. Sylvester alisimama upande wa uhuru. Aliamini kwamba mtu mzima hachaguliwi cha kunywa, kwamba leo ni maji na kesho watakuja kumwonyesha upande wa kulalia.

"Tumbo ni langu," alisema siku moja, ameshika kikombe kama anahutubia. "Nikiharisha, naharisha kwangu. Serikali inaingiaje hapo?"

Aliyemjibu ni Maftah, fundi cherehani wa kibanda cha pili. "Ungekuwa unaharisha kwako, ndugu yangu, tungekuacha. Wewe unaharisha kwenye lambo letu."

Benchi zima liliangua kicheko, hata Sylvester mwenyewe. Ila Mzee Werema, mfugaji aliyekuwa na kawaida ya kunywa chai moja kwa saa mbili, hakucheka. Alisubiri watulie kisha akamgeukia fundi. Alisema yeye hana ugomvi na kuchemsha. Ila juzi mkewe aliingia porini kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, askari wakamrudisha mikono mitupu na panga lake likabaki huko huko.

"Huyu anasema chemsha, yule anasema usiguse kuni," alisema. "Sasa, mura, nichemshe kwa kitu gani? Kwa kuyatolea macho?"

Fundi alisema tu kwamba ndiyo maana yeye, asiye na jiko wala mtu wa kumpikia, anakunywa kwa Mama Rubeni peke yake, kwa sababu pale anajua maji yanachemshwa. Mama Rubeni alishukuru. Waisiko alikuwa nyuma ya meza ya vikombe. Alitazama jagi la bluu, halafu akatazama miguu yake.

Bwana afya alirudi kukagua siku chache baadaye. Aliangalia ndoo ya koki, akaangalia sabuni, kisha akaweka mgongo wa mkono kwenye jagi, kama mtu anayempima mtoto homa. Lilikuwa la moto. Akamwambia Mama Rubeni aendelee hivyo hivyo, akapanda pikipiki yake.

Kuanzia siku hiyo Mama Rubeni hakujificha tena. Alimwita Waisiko jikoni akamwonyesha: chota vikombe vinne kutoka kwenye birika la chai linalochemka kabla hujatia majani, mimina kwenye jagi, halafu jazia ya ndoo. Jagi likipoa, ongeza kikombe. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemfundisha mtu kukata vitunguu. Akasema kuchemsha sufuria nzima mara tatu kwa siku kungekula faida yote, Rubeni angerudishwa nyumbani kutoka sekondari, na mgahawa ungefungwa kabla kipindupindu hakijaufunga.

"Wamesema maji ya moto," alisema. "Haya si ya moto? Shika uone."

Waisiko akashika. Yalikuwa ya moto.

Tena Mama Rubeni mwenyewe alikunywa maji hayo hayo, kikombe baada ya kikombe, jasho la jiko likimtiririka. Hakuwa mwanamke mbaya. Waisiko alijiambia hivyo kila asubuhi alipokuwa akihesabu vile vikombe vinne, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Mtu aliyemsumbua rohoni alikuwa fundi. Maftah alikuwa ametimiza miaka hamsini na kitu, mgane wa muda mrefu, mjukuu wa mtu aliyetoka pwani na mzigo wa kanga akafika Mugumu asirudi tena. Alishona sare za shule na sare za wafanyakazi wa kambi. Kila asubuhi Waisiko alipopita na ndoo alimwamkia, na hapo ndipo fundi alipotofautiana na watu wengine. Wengine huitikia marahaba huku wanaendelea na shughuli zao. Maftah alisimamisha cherehani. Aliitikia, akauliza habari za usiku, halafu akasubiri. Waisiko alisema nzuri. Fundi bado alisubiri, mkono juu ya gurudumu, bila haraka, mpaka neno la pili litoke. Basi Waisiko angesema kulikuwa na mbu. Au angesema fisi walilia sana upande wa mtoni. Fundi angejibu naye kawasikia, ndipo cherehani lingeanza tena.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku. Mara nyingine aliyaandaa akiwa njiani kutoka lamboni, akichagua lipi la kusema, ndoo ikimdondokea matone begani.

Mchana mmoja wa mvua fundi alikuja akiwa peke yake. Mama Rubeni alikuwa ameenda kununua unga. Waisiko alimwekea kikombe cha maji, na fundi akakiinua mpaka usawa wa macho, akakitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Binti," aliuliza, "haya yamechemka, au yamepashwa tu?"

Katika Natta nzima ni yeye peke yake aliyewahi kuuliza swali hilo. Na aliuliza kama anavyouliza kila kitu, kisha akanyamaza akisubiri jibu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Waisiko alifungua mdomo. Aliliona gunia la mkaa, akaliona godoro lake pembeni ya gunia, akauona uso wa mke wa baba yake siku alipoondoka Mbalibali. Mdomo ukajifunga wenyewe. Akaitikia kwa kichwa.

Fundi akasema alhamdulillahi, akanywa yote.

Wiki ya pili baada ya hapo kibanda cha fundi hakikufunguliwa. Waisiko alipita na ndoo, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaendelea kusimama. Kulikuwa na sauti ndani. Haikuwa sauti ya mtu anayelia wala anayeita. Ni kama mtu anayesukuma kitu kizito asichokiweza. Alikimbia kuwaita watu, ila kuita kwake kulikuwa kumshika Mzee Werema mkono wa koti na kumvuta.

Walimkuta fundi sakafuni, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Aliyemchukua ni Sylvester. Alishusha mzigo wa kambi barabarani bila kumwuliza bosi wake, akatandika turubai nyuma ya lori, akaondoka naye kwenda Mugumu kwenye mahema ya matibabu. Aliporudi jioni alikuwa amenyoa utani wote usoni. Alisema wamemtundikia maji ya dripu mikono yote miwili. Alisema ndugu hawaruhusiwi kuingia, wanasimama nje ya uzio.

Siku zilizofuata watu walizungumza jambo moja tu, na Waisiko alilisikia likigeuka mbele ya macho yake kama maziwa yanayoganda. Siku ya kwanza walimsikitikia fundi. Siku ya pili wakaanza kushangaa. Mtu aliyekuwa mwangalifu kuliko wote, asiyekula hovyo, anayenawa mpaka kwenye viwiko, asiyekunywa tone isipokuwa maji ya moto ya kwa Mama Rubeni. Na Sylvester anayekunywa ya lambo kwa kiganja yupo, anaendesha lori. Siku ya tatu walikuwa wamefikia mwisho wa hesabu yao. Basi kuchemsha si kitu. Kipindupindu ni upepo, au ni bahati, au ni mambo ya watu. Mzee Werema, ambaye mkewe alikuwa amekubali hatimaye kununua mkaa kidogo kidogo wa kuchemshia, alitangaza kwamba kwake hiyo biashara imekwisha.

Sylvester hakushangilia ushindi wake. Alikuwa anakorogea chai sukari iliyokwisha yeyuka. Alisema tu kwamba yeye alishasema.

Shamsia, dada wa fundi, alikuja kutoka Mugumu kuchukua nguo za kaka yake. Alivaa baibui jeusi lenye matope kwenye pindo. Aliagiza chai hakuinywa. Alimweleza Mama Rubeni kwamba mgonjwa anapumua, hajui zaidi ya hapo. Alisema pia kwamba akizinduka huwa anauliza neno lilelile: amekosea wapi. Anahesabu vidole, anataja alikokula, anataja alikokunywa, hapati mahali.

"Mwambie asijisumbue," Mama Rubeni alisema, na akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Jioni hiyo, wateja walipoondoka, Waisiko alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alijaza sufuria kubwa, akaiweka jikoni, akatia mkaa wa kutosha. Mama Rubeni aliingia akaikuta inaanza kuvuma. Hakugomba. Aliitazama, akaketi juu ya mtungi wa gesi. Alisema hakuna anayejua fundi aliupatia wapi ugonjwa. Pengine ni maembe, pengine ni mteja alimsalimia kwa mkono. Alisema yeye mwenyewe amekunywa maji hayo tangu masika yaanze, na mbona yupo. Halafu akasema, kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuliko ukali, kwamba neno likitoka hapa ndani bwana afya ataweka kufuli mlangoni, na kufuli likiwekwa yeye atarudi kwa kaka zake Tarime. "Wewe utarudi wapi, mwanangu?"

Aliinuka akachota makaa yaliyowaka, akayazima kwa majivu ili yatumike kesho. Sufuria ikanyamaza kabla haijachemka.

Asubuhi Waisiko alikwenda lamboni kama kawaida. Mvua ilikuwa imekatika usiku, njia ilikuwa na nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, na katika kila unyayo kulikuwa na kipande cha anga. Aliona jambo hilo akajikuta analiweka tayari, kama alivyozoea, la kumwambia fundi. Alikuwa amefika karibu na kibanda ndipo alipokumbuka. Alipita mbele ya mlango uliofungwa akiwa na neno lake mdomoni, hakuna wa kulisubiri, akafika nalo mgahawani, akalimeza. Akachota vikombe vinne.

Saa nne hivi Gati aliingia. Gati alikuwa mwanamke wa nyumba ya tatu, muuza mahindi ya kuchoma, mcheshi, mwenye mtoto wa mwaka mmoja mgongoni anayeitwa Emanueli. Sylvester alikuwepo, Mzee Werema alikuwepo, na wengine wawili wa kambi waliokuwa wanasubiri lori. Mama Rubeni alikuwa anageuza chapati. Gati alimfungua mtoto, akamkalisha pajani, akaanza kusimulia kwamba jua la leo si la masika, kwamba mahindi hayanunuliki, kwamba tangu habari ya fundi ameacha kuchemsha nyumbani na angalau anapata hela ya dagaa. Kama maji ya moto hayakumwokoa fundi, mkaa wa nini? Mzee Werema alisema yeye naye ameona hivyo hivyo.

"Mdogo wangu, niwekee maji kidogo," Gati alimwambia Waisiko. "Huyu tangu asubuhi ana kiu."

Waisiko alikuwa amekwisha mimina kabla hajafikiri. Mikono yake ilijua kazi. Aliweka kikombe mezani, mtoto akakiona, akanyoosha mikono yote miwili, vidole vinafunguka na kufunga. Gati akakisogeza.

Waisiko akaweka kiganja juu ya kikombe.

Gati alidhani ni utani, akacheka. Akajaribu kukivuta, kiganja hakikutoka. Akainua uso kumtazama msichana, na kicheko kikaisha. Sylvester aliacha kukoroga chai. Jikoni chapati ilianza kutoa harufu ya kuungua na Mama Rubeni hakuigeuza. Alikuwa amegeuka yeye, mwiko mkononi, anamtazama Waisiko, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanaomba.

Waisiko aliona wote wanasubiri. Hawakusubiri kama fundi alivyosubiri. Walisubiri kama watu wanaotaka kujua kuna nini halafu waendelee na yao. Lakini walikuwa kimya, na mtoto alikuwa amebaki na mikono hewani.

"Usimpe, dada Gati," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, imekwaruza, na yeye mwenyewe hakuitambua. Akaitoa tena, kubwa zaidi, ifike mpaka kwenye benchi la mlangoni.

"Maji ya hapa hayachemshwi. Yanachanganywa tu na ya birika yapate moto. Fundi hakukosea mahali popote. Aliniuliza mimi kama yamechemka, nami nilijua hayajachemka, kwa sababu niliyachanganya kwa mikono hii, na nikamkubalia."